Kuhesabu Mistari ya Mwanga

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike machache juu ya kazi ninayoifanya huko Ujerumani, ili wanafunzi waliopo shuleni sasa wajue ni kazi za namna gani zinazowangoja wapendao fizikia. Nimekubali kwa furaha, walakini nimepata taabu ya kupata mahali pa kuanzia. Kazi yenyewe haina jina katika Kiswahili, na Mama yangu, aliyenilea na kunisomesha, mpaka Desemba iliyopita alikuwa akiwaambia majirani hapa Batsinda kwamba mwanawe ni fundi wa simu. Si neno, fundi wa simu ni mtu wa heshima, na mtaani kwetu anatafutwa kuliko daktari. Lakini mimi si fundi wa simu. Mimi huchimba mashimo madogo sana ndani ya chipu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kujua pa kusimama.

Kwanza niseme Batsinda ni wapi, kwa faida ya wale wasiofika Kigali. Ni mtaa ulio juu ya kilima upande wa kaskazini wa mji, katika tarafa ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo. Jamaa wengi tulihamia hapa kutoka Kiyovu mwaka 2008, nami nilikuwa mtoto wa miaka kumi. Mama ni mzaliwa wa Biryogo, ambako Kiswahili hakikungoja kutangazwa lugha rasmi mwaka 2017, na ndiyo sababu nyumbani kwetu twakisema hata leo, majirani wakitucheka kidogo.

Sasa nieleze kazi. Chipu ni kipande chembamba cha silikoni, ambacho juu yake zimejengwa transista nyingi mno, na juu ya transista hizo zimepangwa nyaya za chuma tabaka juu ya tabaka, mara nyingi zaidi ya kumi. Ni kama mji wenye barabara zinazopita juu ya barabara. Chipu huchorwa kwanza katika kompyuta, kisha mchoro hupelekwa kiwandani. Baada ya miezi kadhaa chipu inarudi, inatiwa umeme, na mara nyingine haifanyi kitu. Mchoraji ameunganisha waya mmoja mahali pasipo pake. Afanye nini? Kuchora upya na kutengeneza vielelezo vipya vya kiwanda ni gharama ya kutisha, na kwa chipu za kisasa hufika mamilioni ya dola. Tena lazima angoje miezi mingine. Nayo haijulikani kama kosa ni lile moja tu, au nyuma yake limejificha jingine.

Hapo ndipo tunapoitwa sisi. Twachukua chipu moja iliyo na kosa, twakata ule waya usiotakiwa, twaunganisha unaotakiwa, na mwenye chipu huijaribu apate kujua kama alidhani sawa. Ni upasuaji. Kisu chetu ni mshale mwembamba wa ioni za gali, metali ile inayoyeyuka kiganjani mwa mtu, kwa joto la nyuzi 30 hivi. Pamoja na mshale huo twapuliza kidogo gesi ya zenoni na florini, ambayo huila silikoni haraka na kuigeuza gesi.

Taabu ni hii. Chipu nyingi za siku hizi hupachikwa kifudifudi, nyaya zikielekea chini, mgongo ukielekea juu. Hatuwezi kuzifikia nyaya kwa mbele. Lazima tuingie kwa mgongoni. Mgongo huo ni silikoni tupu yenye unene wa robo tatu ya milimita hivi. Twausaga kwa mashine mpaka zibaki maikromita 100 au pungufu, nayo maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu ni kama 70. Kisha kwa ioni na gesi twachimba shimo pana lenye sakafu tambarare, tukishuka, tukishuka, mpaka chini ya sakafu hiyo zibaki maikromita mbili tu. Chini ya hizo mbili kuna transista. Ukizidi, umeiua chipu. Ukisimama mapema, kazi inayofuata haiwezekani, kwa maana kile kitundu cha mwisho, cha kufikia waya wenyewe, kitakuwa kirefu na chembamba mno. Mfano wake ni fundi aliyeambiwa apunguze sakafu ya ghorofa ya juu kwa patasi mpaka ibaki unene wa ukucha, na chumbani chini yake amelala mtoto mchanga.

Atajuaje kwamba sasa inatosha? Hawezi kutia rula. Hawezi kugonga asikilize. Kinachomwambia ni mwanga.

Mwanga ukipiga juu ya kitu chembamba kinachopitisha mwanga, sehemu yake hurudi kutoka uso wa juu, na sehemu nyingine huingia ndani, hugonga uso wa chini, kisha hurudi. Basi mawimbi mawili yanatoka pamoja, moja likiwa limechelewa. Wale tuliosoma pamoja mtakumbuka lile beseni la maji ambalo mwalimu wetu wa fizikia alikuwa akilileta darasani na vijiti viwili. Mawimbi yakikutana kilele kwa kilele, maji hupanda. Yakikutana kilele kwa bonde, maji hutulia kama hayakuguswa. Mwanga ndio vivyo hivyo: mahali pamoja unang'aa, mahali pengine ni giza. Na kwa kuwa kuchelewa kwa wimbi la pili kunategemea unene, kila mstari wa mwanga au wa giza unaouona hupita katika mahali penye unene ulio sawa.

Mambo haya si mapya. Robert Hooke aliandika mwaka 1665 juu ya rangi zinazoonekana katika vipande vya ulanga. Isaac Newton alizipima duara zinazotokea kati ya vioo viwili, na kitabu chake kilitoka mwaka 1704. Alipima sawasawa kabisa, ila hakukubali kwamba mwanga ni mawimbi. Ilibidi kungoja mpaka Thomas Young, mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, aeleze kwa nini. Mimi hupenda kuwakumbusha vijana jambo hilo: mtu aweza kupima vizuri miaka mingi kabla ya kuelewa anachokipima.

Desemba iliyopita nilikuja nyumbani kwa likizo. Mpwa wangu, mvulana wa miaka kumi na minne, na binti wa jirani aliye mwaka wa pili wa sekondari, wakanishika: Mjomba, tuonyeshe unachofanya huko. Nami sikuwa na mashine. Mashine yenyewe haiingii hata katika sebule yetu. Basi nikaomba sabuni ya maji, kikombe, na kitambaa cheusi.

Nawasihi mjaribu jambo hili wenyewe, maana halina gharama. Chovya mdomo wa kikombe katika maji ya sabuni mpaka utando uuzibe, kisha ulaze kikombe ubavu, utando usimame wima, dirisha likiwa nyuma yako. Mwanzoni huoni kitu. Halafu maji katika utando huanza kushuka kwa uzito wake, juu unakuwa mwembamba kuliko chini, na rangi zinatokea kwa mistari ya kulala: nyekundu, kijani, zambarau, tena nyekundu, tena kijani. Mistari hiyo haikai. Yote hushuka polepole, mmoja nyuma ya mwingine. Kila mstari ni unene wake, na unene huo unahama. Mwisho juu kabisa panakuwa na rangi ya fedha, kisha panatokea doa jeusi. Weusi huo si tundu. Utando bado upo, ila umekuwa mwembamba mno hata yale mawimbi mawili yanafutana. Kuanzia hapo hesabu pumzi zako, kwa kuwa utando utapasuka wakati wowote.

Watoto walirudia mara ishirini. Walijifunza upesi kutabiri: "Sasa nyeusi... sasa!" Na utando ukapasuka kweli. Mama aliyekuwa akichambua maharage mlangoni aliuliza, "Kwa hiyo huko unalipwa kuangalia povu?" Nikamwambia, naam, Mama, kwa kiasi kikubwa ndivyo. Alitikisa kichwa akaendelea na maharage yake.

Jioni nikatoa vioo viwili vya fremu za picha, nikavisafisha sana, nikaviweka kimoja juu ya kingine juu ya kitambaa cheusi, chini ya balbu nyeupe, ile iliyosokotwa kama nyoka. Katika balbu za namna ile mna mvuke wa zebaki, nao hutoa mwanga wa kijani ulio safi, kwa hiyo mistari huonekana mingi kuliko kwa taa ya zamani. Tukaiona: mistari ya kijani na ya zambarau, iliyopinda kama nyuzi za mbao. Mpwa wangu akakandamiza kioo kwa kidole gumba, mara mistari yote ikakimbia.

"Mjomba, kioo kinapinda?"

"Kinapinda."

"Lakini ni kigumu!"

Nikamweleza kwamba mstari mmoja ukija mahali pa mwenzake, nafasi ya hewa kati ya vioo imebadilika kwa nanomita 273, nayo nanomita ni sehemu moja ya elfu ya maikromita. Kidole cha mtoto chaweza kufanya hivyo bila taabu. Hakuna rula dukani itakayokuonyesha, ila mstari umekuonyesha.

Yote haya yangebaki kuwa mchezo wa likizo kama si jambo lililotokea Jumamosi iliyofuata.

Katika karakana ninayofanya kazi, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alikuwa ameleta chipu aliyoichora mwenyewe kwa ajili ya shahada yake. Kiwanda kilikuwa kimempa chache tu, na kufikia Desemba ilikuwa imebaki moja inayofaa. Waya mmoja wa kuwasha sehemu mbili za chipu ulikuwa umeungwa na ardhi, kwa hiyo chipu ilikuwa kimya, kama mtu aliyezibwa mdomo. Kuchora nyingine kungempeleka mbele mwaka mzima, na fedha za masomo yake zilikuwa zinakwisha mwezi wa tatu. Mashine yetu ilikuwa na nafasi Jumamosi na Jumapili ile tu. Mwenzangu, binti hodari lakini mgeni katika kazi hii, ndiye aliyekuwa zamu, na akaniandikia kuniomba niwe jicho la pili kutoka nyumbani. Kwa kawaida picha za kazi yetu hazitoki nje ya karakana. Safari hii mwenye chipu aliruhusu mwenyewe, kwa kuwa hakukuwa na siri ya biashara.

Basi saa kumi na mbili jioni kwetu, saa kumi na moja kwao, niliketi mezani nyumbani Batsinda na kompyuta yangu ndogo, mvua ikipiga bati, watoto wawili nyuma ya mabega yangu. Umeme ulikuwa umekatika tangu alasiri. Betri ilikuwa na saa tatu. Mbele yetu palionekana sakafu ya shimo: mraba wa kijivu, na juu yake mistari myeusi na myeupe.

Niliwauliza watoto wanaona nini. Binti wa jirani alitazama kidogo akasema, "Ni kama matuta ya mlimani." Sikuwa na jibu bora kuliko hilo. Nchi yetu yote imekatwa matuta, na kila mtoto anajua kwamba tuta hufuata mahali palipo sawa, na kwamba matuta yakibanana, mlima ni mkali. Hiyo mistari ni matuta ya unene. Tukaihesabu kutoka pembe hadi pembe: kumi na mmoja. Sisi hutumia kwanza mwanga usioonekana kwa macho, ulio nje ya wekundu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, kwa kuwa silikoni huupitisha. Ndani ya silikoni mwanga huo hupunguza mwendo mara tatu na nusu, na wimbi hufupika kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo toka mstari hadi mstari ni nanomita 150 za unene. Kumi na mmoja mara 150: sakafu ilikuwa imeinama zaidi ya maikromita moja na nusu. Ukitaka kuacha mbili tu, mwinamo wa namna hiyo ni hatari. Katikati utaona uko salama, kumbe pembeni unakaribia dari.

Lakini pembe ipi ndiyo nyembamba? Picha iliyosimama haisemi. Mlima na bonde vina matuta yale yale. Mwenzangu alifungua gesi kidogo, na mistari ikaanza kuhama.

"Inakimbilia wapi?" nikauliza.

"Kulia, juu," wakasema wote wawili.

Basi kulia juu ndiko kunene. Silikoni ikipungua kila mahali, unene fulani, tuseme kumi kamili, hauko tena pale ulipokuwa. Sasa utaupata kule ambako zamani palikuwa zaidi ya kumi. Mstari hukimbilia upande mnene daima. Mwenzangu alikuwa ameliona kabla yetu, akaelekeza ioni upande ule peke yake. Mistari kumi na mmoja ikawa tisa, ikawa sita, ikawa mitatu. Ilipofika miwili tukaridhika. Sakafu ikikaribia usawa, mistari haipiti tena kama jeshi. Sakafu nzima hung'aa, hufifia, hung'aa tena, kama inapumua.

Ikabaki kujua unene wenyewe. Hapa nataka wasomaji wawe makini, kwani ndipo hesabu inapoweza kumdanganya mtu. Mistari hukuambia umepunguza kiasi gani. Haikuambii kimebaki kiasi gani. Ni kama kuhesabu hatua zako gizani ukielekea ukingo wa shimo: hatua unazijua, ukingo hujui ulipo. Njia ya kwanza ya kukisia ni kuielekeza darubini sakafuni mpaka ionekane wazi, kisha kuishusha mpaka transista zilizo chini zionekane wazi, na kusoma umbali wa kushuka. Lakini kama vile maji ya ziwa Muhazi yanavyoonekana kina kifupi kuliko kilivyo, silikoni nayo hudanganya, tena zaidi: ulichosoma lazima ukizidishe mara tatu na nusu, na kosa lako pia linazidishwa. Mwenzangu alipata maikromita kumi, akasema yaweza kuwa nane, yaweza kuwa kumi na mbili.

Tazama sasa. Kutoka kumi hadi mbili ni nane, nazo ni mistari hamsini na mitatu. Ukihesabu hamsini na mitatu kwa uaminifu, na kumbe ulianza na nane badala ya kumi, chini yako hakuna kilichobaki. Umehesabu vizuri mpaka ukaua.

Tukaanza. Mng'ao mmoja kila sekunde kumi na mbili. Mpwa wangu alihesabu kwa sauti, binti wa jirani akiweka alama katika daftari kwa vijiti vitano vitano. Walipofika thelathini na mmoja, picha ikaganda. Mvua, au mtandao, au vyote viwili. Nikataka kuamka, binti akanishika mkono, akaendelea kuweka vijiti akitazama saa ya ukutani, kijiti kimoja kila sekunde kumi na mbili. Mashine huko ilikuwa na mwenye nayo, wala haikutungoja sisi, lakini nakiri kwamba dakika ile na nusu na ushei ilikuwa ndefu. Picha iliporudi daftari letu lilisoma arobaini. Mwenzangu alikuwa amefunga gesi. Hesabu yake ilikuwa thelathini na tisa.

Akawasha taa nyekundu. Silikoni haipitishi rangi zote kwa kiasi kimoja: mwekundu huzama maikromita chache kabla ya kumezwa, kijani pungufu, bluu hufia karibu na uso. Kwa hiyo maadamu silikoni ni nene, taa nyekundu haionyeshi mistari, kwa kuwa hakuna wimbi linalorudi kutoka chini. Zikibaki nne au tano, mistari myekundu huanza kujitokeza. Zikibaki mbili hivi, ndipo ya kijani. Rangi ndizo zinazosema ukingo uko wapi.

Taa nyekundu haikuonyesha kitu. Kama tungekuwa tumeanza na kumi, zingekuwa zimebaki kama nne, nasi tungeona. Basi chipu ilikuwa nene kuliko tulivyodhani, na wote tulipumua. Ingekuwa kinyume, ningeandika makala nyingine, au nisingeandika. Akaendelea polepole, na kwenye mstari wa arobaini na sita utepe mwekundu ukatokea, hafifu kama alama ya maji kwenye ukuta. Tukabadili hesabu. Kwa mwanga mwekundu kila mstari ni nanomita 82 tu, kwa hiyo hatua zikawa fupi zaidi, na ndivyo inavyotakiwa mtu anapokaribia. Baada ya thelathini na kitu, alijaribu taa ya kijani, akazima, akaendelea na mistari miwili, akaiwasha tena. Mistari ya kijani ikaonekana.

"Nasimama," mwenzangu akaandika.

Mpwa wangu alitaka aendelee kidogo. Nilimwambia akumbuke doa jeusi la kikombe.

Kazi iliyobaki ilifanyika Jumapili nami sikuiona. Kitundu chembamba kilishushwa kati ya transista mpaka kwenye waya, kuta zake zikapakwa kitu kisichopitisha umeme, waya mmoja ukakatwa, na daraja dogo likajengwa badala yake. Daraja hilo hujengwa kwa gesi yenye wolframu ndani yake: mshale wa ioni unapoigusa, gesi huvunjika na metali hubaki. Wolframu! Watu wa kwetu huichimba Nyakabingo, wilaya ya Rulindo, kaskazini ya Kigali, na huiuza kwa kilo. Sijui kama punje ya Rulindo imewahi kupita katika mashine yetu, wala hakuna awezaye kujua, lakini kila niunganishapo waya jina la kilima kile hunijia. Nasi Afrika ya Mashariki hatuchimbi tu. Nyeri, nchini Kenya, katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kimewekwa kiwanda cha kutengeneza chipu. Mwenye kutengeneza siku moja atahitaji mwenye kurekebisha, na mwanafunzi asomaye haya asidhani kwamba lazima afike Ulaya kama mimi ili aione mistari hiyo.

Jumatano ile chipu ilitiwa umeme. Sehemu ya kwanza ilijibu. Sehemu ya pili ilikaa kimya, na mpaka leo iko kimya. Kuna kosa jingine ndani, lile lililokuwa limejificha nyuma ya la kwanza. Mwanafunzi alifanya vipimo vyake vyote kwa ile nusu iliyo hai, akaandika, akawasilisha mwezi wa tatu. Kosa la pili amelitafuta katika mchoro akalipata, na chipu mpya imekwisha pelekwa kiwandani ikiwa na marekebisho mawili badala ya moja.

Binti wa jirani aliniomba picha ya ile sakafu kabla sijasafiri. Niliuliza ruhusa, nikampigia chapa kwenye duka la picha. Amekwisha ibandika ndani ya jalada la daftari lake la fizikia. Ni picha ya kijivu isiyo na uzuri wowote, yenye mistari miwili iliyopitapita kwa upande, na chini yake ameandika kwa penseli: *mwinamo uliobaki, nanomita 300*.